Baba watoto anataka hoteli ya ndani ya Disney kwa bei kamili, wifi anasema tunatupa hela

Shikamoo anti,

Naomba unisamehe barua itakuwa ndefu, manake hili jambo limenikaa rohoni na hapa nyumbani hatuongei vizuri tangu lilipoanza. Mimi na mume wangu tunaishi huku Marekani, tuna watoto wawili, wa kwanza ana miaka saba na wa pili minne, na msimu wa joto ujao mama mkwe anakuja kututembelea Mungu akijalia, bado anasubiri kuitwa kwenye mahojiano ya viza. Baba watoto ameshaamua mama akifika tunaenda wote Orlando, Walt Disney World. Hapo sina neno, watoto wanaiota usiku na mchana na mimi mwenyewe nataka kwenda.

Shida imekuja kwenye hoteli. Baba watoto ameona chumba kwenye hoteli moja ya humohumo ndani, zile ambazo monoreli, ile treni ya reli moja, inapita, ukifungua pazia unaiona kasri ya Magic Kingdom. Bei yake kwa usiku mmoja ni dola mia saba na kitu, na hiyo ni kabla ya kodi, afu anataka tukae usiku sita. Hakuna ofa, hakuna punguzo, bei kamili kama ilivyoandikwa. Chumba kinachukua watu watano kwa hiyo anasema tutaenea wote. Nilipomuuliza kwa nini lazima iwe hiyo, akaniambia mama yake amemsomesha kwa kushona nguo za watu mpaka macho yakachoka, hajawahi kulala hoteli nzuri hata siku moja, sasa yeye anapiga shifti za usiku mwaka mzima, kama sio kwa ajili ya siku kama hiyo ni kwa ajili ya nini. Anti nilikosa la kujibu.

Sasa wifi yangu, dada yake mume wangu, naye yuko huku huku Marekani na alishaenda na familia yake. Alivyosikia bei alishtuka, akasema Kissimmee, mji wa jirani na Disney, unapata nyumba nzima ina vyumba vitatu, jiko na bwawa la kuogelea kwa hela isiyofika hata nusu ya hiyo. Akasema "hotelini mnalala tu, mchana kutwa mko kwenye paki za michezo, sasa unalipia pazia?" Aliyasema kwenye simu na mume wangu anasikia, ikawa ugomvi. Sa hivi mume wangu anaamini mimi ndo nimemtuma dada yake amseme. Sikumtuma, ila ukweli nakubaliana naye kwa sehemu kubwa.

Kingine kinachoniogopesha, akiba ya safari tunayo lakini haitoshi hoteli hiyo. Panapopelea anataka tuzibe kwa krediti kadi, anasema tutalipa polepole. Na ana haraka kweli, kila akifungua simu anaona imeandikwa vimebaki vyumba vichache, anasema tukichelewa bei itapanda. Halafu upande wa pili mama mkwe magoti yanamsumbua, hawezi kutembea mchana kutwa, na huyu wa miaka minne asipolala mchana nyumba nzima haikaliki. Kwa hiyo kuna wakati najiuliza labda baba watoto yuko sahihi na mimi naona bei tu.

Anti nisaidie, kulipa bei kamili kwenye hizi hoteli kuna maana yoyote au ni jina tu? Na nikitaka kumpinga nimwambieje asione namnyima mama yake?

Mkamwana njia panda

*

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na jibu lenyewe ndo tuje kwenye maelezo. Usiku sita mfululizo, hoteli hiyo, bei kamili, tena sehemu ya hela inatoka kwenye krediti kadi, mimi nasema hapana. Ila wifi yako naye hajasema yote. Kuna vitu mtu anavilipia akikaa ndani ya Disney ambavyo si pazia hata kidogo, hasa familia yenye mtoto mdogo na mtu mzima mwenye magoti.

Mgeni wa hoteli yoyote ya Disney pale Orlando anaingia kwenye paki zote nne, Magic Kingdom, Epcot, Hollywood Studios na Animal Kingdom, nusu saa kabla ya watu wengine, kila siku. Mabasi, boti, monoreli na Skyliner, vile vigari vya kamba vinavyoning'inia angani, vyote anapanda bure. Halipii paking hotelini wala kwenye paki, wakati anayekuja na gari kutoka nje analipa dola 30 au zaidi kila siku. Na ile njia ya kukwepa foleni wanaiita Lightning Lane, ambayo inalipiwa pembeni kwa kila kichwa, mgeni wa hoteli anaruhusiwa kuinunua siku saba kabla ya kufika, wa nje siku tatu tu. Kwa michezo inayogombaniwa hiyo tofauti mtaiona kwa macho.

Sasa nisikilize hapa, manake ndo penye hesabu yenyewe. Hayo yote niliyoyataja anapewa mgeni wa All-Star, hoteli zao za bei ya chini kabisa, sawasawa na anayelala Grand Floridian, moja ya zile za bei ya juu kabisa. Disney wamezigawa hoteli zao kwa madaraja, chini kuna Value, katikati Moderate, juu Deluxe, na hiyo ya mumeo ni Deluxe. Kitu pekee cha ziada ndani ya paki anachopata mtu wa Deluxe ni masaa mawili ya usiku baada ya paki kufungwa, tena ni siku maalum, sio kila siku. Saa nne usiku mama mwenye magoti na mtoto wa miaka minne watakuwa wapi? Wamelala. Hicho mtakilipia na hamtakigusa.

Kwa hiyo kwenye ile mia saba kinachobaki ni mahali hoteli ilipo, ukubwa wa chumba na uzuri wake. Kwenye mahali, namtetea mumeo. Magic Kingdom haina paking mlangoni, ukija na gari unaegesha ng'ambo ya ziwa kwenye kituo kikubwa kinaitwa Transportation and Ticket Center, afu unavuka kwa feri au monoreli ndo ufike getini. Asubuhi mtu una nguvu huoni tabu. Usiku fataki zikiisha watu wote wanatoka kwa pamoja, mimi nimesimama kwenye ile foleni ya feri mtoto kanilalia begani, mkono mwingine nasukuma kigari, pembeni yangu bibi wa watu anaangaza macho atafute pa kukaa na hakuna, na mkishavuka bado mnatafuta gari lilipo, ndo muanze barabara ya kurudi Kissimmee. Anayekaa Contemporary, moja ya hizo hoteli za monoreli, anatoka getini anatembea kama dakika kumi yuko kwenye lifti ya hoteli yake. Na mchana jua likiwa kali, na Florida msimu wa joto jua si mchezo na mvua ya alasiri ni karibu kila siku, anarudi chumbani, bibi ananyoosha miguu, mtoto analala masaa mawili, jioni wanarudi wote wana nguvu. Kigari cha mtoto kwenye monoreli hata hukikunji, kwenye basi lazima ukikunje na mtoto umshushe. Hayo ni mambo ya kweli na yanafaa kulipiwa.

Ila hiyo ni Magic Kingdom, paki moja kati ya nne. Siku ya Animal Kingdom mtapanda basi kama watu wengine wote, Hollywood Studios vilevile, Epcot monoreli ipo lakini mnashuka njiani mnabadilisha. Kwa hiyo mnalipia ukaribu usiku sita na mtaufaidi siku moja au mbili.

Halafu kuna jambo hamjaligusa nyote wawili na mimi ndo limenishtua zaidi kuliko bei. Chumba kinachukua watu watano, sawa, lakini ni chumba kimoja mwanangu. Vitanda viwili na kochi la kulala, bafu moja. Mama mkwe atalala chumba kimoja na mwanae na mkamwana wake usiku sita? Atabadilisha nguo wapi, akiamka alfajiri kusali ataogopa kuwasha taa asiwaamshe, usiku akitaka kwenda chooni ananyata. Na wewe utalalaje mbele ya mama mkwe wako? Unawajua mama zetu, hatasema neno, atajikunja kwenye kochi na mjukuu na asubuhi atawaambia amelala vizuri sana. Kama lengo la baba watoto ni kumpa mama yake heshima, heshima ya kwanza ni mlango wake wa kufunga.

Hapo ndo naona njia yenu ilipo. Kuna hoteli mbili za Value zimekaa jirani, Pop Century na Art of Animation, wanatumia kituo kimoja cha Skyliner kinachowapeleka Epcot na Hollywood Studios, mnabadilisha mara moja tu njiani pale Caribbean Beach, hoteli yao nyingine, na zile paki nyingine basi lipo. Chumba cha kawaida cha Pop Century kinachukua wanne, kwa hiyo mnachukua viwili, mnaomba vyenye mlango wa katikati, mama na mjukuu mkubwa huku, nyie na mdogo kule. Au Art of Animation zipo suti za familia za watu sita, zina chumba cha kulala chenye mlango wake, mabafu mawili, friji na maikrowevu, ila suti hizo bei yake imechangamka, linganisha kabla hujafurahi. Port Orleans Riverside ambayo ni Moderate ina vyumba vya watu watano vyenye kitanda kidogo cha mtoto, ila ni yale yale, chumba kimoja.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano, za siku zenu utaziona mwenyewe. Orlando, upande wa Orange County, kodi ya hoteli ni asilimia 12.5 na inaongezwa juu ya bei unayoiona. Chumba cha dola 700 kwa usiku sita ni 4,200, weka kodi inafika 4,725. Vyumba viwili vya Value tuseme 220 kila kimoja, usiku sita, pamoja na kodi ni 2,970. Hapo mmebakiza 1,755 na mama ana chumba chake. Na kama baba watoto moyo wake uko kwenye lile dirisha, kaeni Value usiku tano, usiku wa mwisho chukueni vyumba viwili kwenye hoteli yake kwa hiyo hiyo bei kamili ya 700. Inakuja 2,475 jumlisha 1,575, jumla 4,050. Bado iko chini ya kile chumba kimoja cha usiku sita, na hapo sijaweka punguzo hata moja. Mizigo Disney wenyewe wanaihamisha kutoka hoteli yao moja kwenda nyingine bila malipo. Siku hiyo ya kuhamia msinunue tiketi za paki kabisa, hapo pia mnaokoa hela kidogo. Nendeni mapema hata kabla ya saa tisa ya kukabidhiwa chumba, waachieni mabegi, watoto waingie bwawani, mama akae kivulini, mshinde hotelini mpaka kesho yake saa tano asubuhi mnapotakiwa kutoka. Hoteli ya bei hiyo ilipie siku ambayo mtakuwa ndani yake. Ile mnayotoka saa moja asubuhi na kurudi saa tatu usiku mmechoka hoi, kitanda kisafi kinatosha.

Kuhusu nyumba ya Kissimmee, wifi yako hajakosea, kwa watu wenye gari na wanaopenda kupika ni mpango mzuri, mama anapata chumba, mnafua, mnakula mnachokijua. Mtakachokosa ni ile nusu saa ya asubuhi, zile siku saba, na kurudi kupumzika mchana, manake kuendesha kwenda na kurudi ukijumlisha ile feri hamtarudi, nakuhakikishia, mtajikuta mnamlazimisha mama akae kwenye benchi mpaka usiku. Weka hizo hela za paking za kila siku na hela ya usafi wa nyumba ndo ulinganishe. Afadhali tangu Mei 2025 serikali ya Marekani imewalazimisha wenye hoteli na nyumba za kupanga kwa siku waonyeshe bei yenye zile ada zao zote za lazima tangu mwanzo, zamani ulikuwa unashtukizwa mwisho kabisa. Kodi bado inaweza kuja juu yake, angalia.

Sasa hii haraka ya mumeo. Vyumba vimebaki vichache inaweza kuwa kweli, lakini dawa yake sio kulipa, dawa yake ni kushika chumba kwa namna unayoweza kukiachia. Ukishika chumba peke yake bila kukiunganisha na tiketi, Disney wanachukua hela ya usiku wa kwanza tu kama amana, na ukifuta siku tano au zaidi kabla ya kufika wanakurudishia, wewe jipe wiki nzima usicheze na tarehe. Ukichukua kifurushi cha chumba na tiketi amana ni dola 200 na salio linatakiwa siku 30 kabla. Kwa hiyo shikeni leo kwa bei kamili, ndiyo, nimesema bei kamili, lakini kama kishikizo. Bei ikipanda nyie mmeshashika ya zamani. Punguzo likitoka, na miaka ya karibuni wamekuwa wakitoa ofa za msimu wa joto, unapiga simu siku hiyo hiyo asubuhi unawaambia niwekeeni hii ofa kwenye chumba changu. Kama vyumba vya ofa vipo kwa tarehe zako wanakubadilishia. Usisubiri mpaka jioni ukitoka kazini, vinaisha. Kwenye kile chumba cha mumeo punguzo la asilimia 25 tu lingeondoa zaidi ya dola 1,180 kwenye ile hesabu ya usiku sita, kwa simu moja. Na mkiona wanatangaza chakula cha bure someni masharti kwa utulivu, mara nyingi sharti lake chumba kilipiwe bei kamili, kwa hiyo pigeni hesabu zote mbili.

Njia nyingine mtaisikia kwa watu ni kukodi pointi. Disney wana klabu yao ya wanachama, Disney Vacation Club, ipo tangu 1991, wanachama wananunua pointi za kila mwaka za kulala kwenye nyumba za klabu zilizo ndani ya hoteli hizo hizo za Deluxe, na asiyeenda mwaka huo anamkodishia mwingine. Unaweza kulala Polynesian, hoteli nyingine ya Deluxe pale pale kwenye monoreli, kwa bei ya chini sana kuliko iliyoandikwa. Ni njia nzuri, naipenda, lakini kwenu nyie mwaka huu hapana. Hela ya pointi kwa kawaida hairudi, na mama hana viza bado. Akinyimwa au tarehe ikisogea mmeshapoteza. Chochote mnacholipia sasa hivi kiwe kinarudishika, mpaka pasipoti ya mama irudi na viza ndani.

Usielewe kwamba bei kamili ni kosa popote na kwa kila mtu. Wiki ya Krismasi mpaka mwaka mpya, anayelazimika kwenda siku hizo hana ofa ya kusubiri, bei ndo hiyo. Na pale Universal, hao ni washindani wa Disney mji huo huo, hoteli zao tatu, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, chumba kinakuja na Express ya kukwepa foleni kwa kila mtu aliyemo chumbani, kuanzia siku ya kufika mpaka siku ya kuondoka. Ukilala usiku mmoja unaitumia siku mbili, na ukiinunua pembeni kwa watu watano inaweza kuzidi bei ya chumba chenyewe. Haifanyi kazi kwenye paki yao mpya ya Epic Universe iliyofunguliwa 2025, lakini kwenye zile mbili za zamani hapo bei kamili inajilipa. Kwa watoto wa umri wa wako na bibi yao sikushauri, michezo mingi ya kule ina kipimo cha urefu na mdogo atabaki analia mlangoni. Miaka mitano ijayo tutaongea.

Kwenye krediti kadi sitazunguka. Deni la hoteli mkilibeba miezi na miezi, riba inaongezeka kila mwezi, na ile 4,725 mwisho wake haitakuwa 4,725. Mama mwenyewe aliyeshona nguo mpaka macho yakachoka akijua kwamba mwanae kaongeza shifti za usiku kulipa kitanda alicholalia yeye, hatafurahi, na mama wa namna hiyo huwa anajua hata asipoambiwa. Kama akiba yenu inaishia kwenye Value usiku sita, basi ni Value usiku sita. Ile hoteli ya dirisha mtaifikia vilevile, monoreli ni bure na mtu yeyote anaruhusiwa kupanda, mpelekeni mama jioni moja mkale, au mkae ufukweni pale Polynesian usiku, fataki za Magic Kingdom zinaonekana ng'ambo ya ziwa bila kusukumana na mtu.

Kuongea na mumeo, usianze na bei na usimtaje dada yake kabisa. Subiri siku hana shifti, mwambie baba watoto nimefikiria mama atalala wapi. Kaa na hilo kwanza, mwache aone mwenyewe kile chumba kimoja na lile kochi. Yeye anapigania mama yake, na wewe ukiingia na chumba cha mama chenye mlango umeingia upande wake, hamna tena wa kushinda. Afu ndo mfungulie hesabu, umwonyeshe ule usiku wa mwisho wenye dirisha lake uko ndani, kwamba hujaukata, ni kadi tu mnayoiacha. Mwachie yeye apige simu ya kushika vyumba, ni mpango wake kwa mama yake. Wifi mpigie wewe mwenyewe baadaye, mshukuru, umuulize mambo ya kule kama magari ya umeme ya kukodi kwa wenye magoti, manake mama atayahitaji kila paki hata akilala hoteli gani, na yeye akiulizwa hatasema tena.

Vyumba shikeni wiki hii. Tiketi za ndege na za paki ziacheni mpaka viza itoke, za paki hela yake hairudi.